Kaka Anakunja Mabomba, Mimi Nayakunja Upya Akitoka

Mama mshauri, shikamoo. Shule niliishia njiani na kuandika siyo kazi yangu, kwa hiyo nikikosea nirekebishie tu, na kilichofanya nikuandikie ni kwamba kuongea siwezi, mimi hata dukani nanyoosha kidole, na hili jambo limenikaba.

Naishi na kaka yangu na mke wake, kaka ndiye aliyenilea, na kazi tunafanya pamoja kwenye chumba cha mbele. Tunaunda kompyuta zinazopozwa kwa maji, zile za watu wa gemu na watu wa video, zinachemka kama jiko, sasa tunapitisha maji humo ndani kwa mabomba ya plastiki ngumu, meupe kama kioo, yanatoka kwenye pampu yanapita penye moto yanaenda kwenye rejeta kupoa halafu yanarudi. Kaka alinifundisha kwamba kazi siyo kukunja, kazi ni kupanga, unaanza na waya laini, unaukunja mle ndani ya kasha uone bomba litapita wapi, lisizibe kadi ya picha isije ikashindikana kuchomoka, na pa kutolea maji pawe chini kabisa, ndipo upashe plastiki moto uifuatishe waya. Kona ya kwanza ikikosea zinazofuata zote zinakosea nayo. Lakini yeye mwenyewe waya hatumii, anafumba jicho moja, anatazama, anakata, na bomba linaingia kama lilizaliwa pale. Ndiyo maana watu wana jina wanalomwita, naomba usiliandike, weka tu Rula.

Sasa Mama, Rula haoni.

Siyo kipofu, anatembea, anatania watu, lakini mimi kwa kuwa siongei naangalia, na nimeona. Alama ya penseli kwenye bomba anaitafuta kwa ukucha. Chai anamimina kidole kikiwa ndani ya kikombe. Juzi aliniuliza mbona hujawasha taa, na taa ilikuwa inawaka juu ya kichwa chake, nikainuka nikabonyeza swichi mara mbili, akasema haya, afadhali.

Mabomba yake yanatoka yamepinda kidogo, yanaingia kwenye kiungo upande. Mtu asiyejua haoni kitu. Lakini bomba likiingia upande linaibana oringi, ile pete ya mpira, huku na kuiachia kule, maji yakiwa baridi hayavuji, siku mashine ikipata moto plastiki inalegea na tone la kwanza linaangukia kwenye kadi, na hapo hakuna kompyuta tena. Kwa hiyo akitoka kwenda kula mimi nafungua, nakunja upya kwa waya, narudisha, yale yake naficha kwenye gunia chini ya kitanda changu. Nakunja sikio likiwa mlangoni, maana anakohoa akipanda ngazi, siku moja hakukohoa nikashika bomba la moto kwa kiganja nikalificha hivyo hivyo mgongoni. Akaja akapapasa kazi taratibu, bomba moja moja, akarudia la kwanza, halafu akasema, "Kumbe mkono wangu bado haujazeeka." Kiganja kinaungua na mimi namwambia ndiyo kaka.

Wateja wanasifu, na yeye anazidi kukubali kazi. Shemeji amelikuta gunia wakati anafagia. Hakupiga kelele, alikaa tu kwenye kitanda changu akiwa na kipande mkononi, akaniuliza, "Kaka yako anaona?" Nikasema anaona. Akasema, "Sawa shemeji," akakirudisha ndani ya gunia, na tangu hapo ananiangalia.

Na sasa imekuja kazi ya mama mmoja mhariri wa video, kompyuta yake kubwa imefungwa nyumbani kwake haitoki, na kazi zake zote ziko humo. Kaka amekubali kwenda huko. Nikaanza kufunga vifaa kama kawaida, akanishika bega, akasema, "Safari hii baki, mdogo wangu. Hii nataka nikaifanye peke yangu." Miaka yote hajawahi kwenda popote bila mimi. Kazi ni mwisho wa wiki ijayo. Nikimwambia nitakuwa nimemuua, maana zaidi ya jicho lake hajivunii kitu. Nikinyamaza ataimwagia maji riziki ya mtu na jina lake litaishia hapo. Nimewaza hata kuiba pampu ili kazi ishindikane. Nifanye nini? Nijibu kwenye gazeti tu, barua ikija nyumbani watauliza. Kaka siku hizi ananiambia nimsomee gazeti hili, anasema wamepunguza wino, lakini kurasa za katikati, hizi zako, huwa naruka.

Mimi mdogo mtu.

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Kiganja chako kimepona? Hujasema. Kapake dawa, halafu rudi hapa nikugombeze.

Umefanya kwa mapenzi, najua. Lakini hebu tazama ulichokifanya. Mtu anayefifia macho anajuaje kwamba anafifia? Kazi yake inamwambia. Bomba likipinda, anashtuka, anakwenda kupimwa. Wewe kila bomba lililotaka kumwambia umelitia guniani. Ukabonyeza na swichi. Yapo maradhi ya macho yanayotibika, na yapo yasiyosubiri, na hakuna ajuaye ya kaka yako ni yapi, kwa sababu umehakikisha haulizi. Hukumlinda kaka, ulilinda jina lake mtaani. Jina halihitaji miwani.

Na shemeji yako alikupa mlango wazi, ukaufunga. Mke hakai kitandani na kipande cha plastiki mkononi kwa sababu hajui. Alitaka mtu wa kujua naye.

Sasa sikia ninachokiona mimi katika barua yako, wewe uliyeangalia kila kitu ukakosa hili. Fundi anaujua mkono wake kama anavyoijua sauti yake. Aliyapapasa yale mabomba moja moja, akarudia la kwanza. Aliyakuta yamekaa sawa, na siku hiyo hakuwa na uhakika kwamba ni yake. Ndiyo maana anataka kwenda peke yake. Hiyo siyo jeuri, mwanangu. Anakwenda kujipima, na amechagua mahali ambapo huwezi kumrekebishia. Anaogopa kuliko wewe.

Pampu usiiguse. Kuiba ni kumdanganya mara ya pili. Mpigieni simu yule mama wa video asogeze siku, na aipigaye awe kaka yako mwenyewe. Kesho yake asubuhi nendeni hospitali ya macho, nyote watatu. Daktari akisema anaweza kuendelea, mtakwenda kazini wawili, yeye apange na wewe ukunje, kwa waya, na msiwashe mashine mpaka pampu izungushe maji peke yake na karatasi kavu mlizotandika chini ya viungo zibaki kavu. Kupanga njia ya maji kuko kichwani mwake, hakuondoki hata jicho likififia. Daktari akisema hapana, basi tangu hapo kila kazi mkono utakuwa wako na kichwa kibaki chake, na wateja waambiwe hivyo.

Utasema huwezi kuongea. Sikukuambia uongee. Unamsomea gazeti. Nimemwomba mhariri wetu wa gazeti aisogeze barua yako itoke mapema, na Rula tumemwacha Rula. Leo hii ukurasa huu usiruke. Mwite na shemeji akae. Weka gunia miguuni pa kaka, anza kusoma kutoka juu, pale penye kidole dukani, usome mpaka hapa. Ukikwama kwenye neno, kwama, kisha endelea.

Na wewe kaka mtu unayesomewa: huyo aliyenyamaza kidogo hapo mbele yako anavuta pumzi, mwachie. Wino hatujapunguza, baba. Tia mkono kwenye gunia, toa bomba moja, ulipapase mpaka mwisho. Halafu mwambie mdogo wako kama ni lako.