Mikuyu ya Chemchemi Yetu

Mume mwenzangu Elia,

Hapa Tumba, huku ughaibuni, tu wazima, ila bibi yako, mke wetu, amegombana na theluji na theluji imeshinda.

Unauliza kama uache kupanda mikuyu penye chemchemi huko Kigoma, maana matawi uliyochomeka yamekauka. Hata yangu ya kwanza, hapohapo chemchemini, yalikauka. Tulikuwa tumeng'oa mikaratusi iliyomaliza maji, nikachomeka matawi ya mikuyu kwa maringo. Mama akaja kuyatazama: "Mwanangu, yote umeyapanda kichwa chini." Bibi yako, msichana wakati huo, alicheka hadi akamwaga ndoo.

Nilikata mengine siku hiyohiyo. Yakashika, maji yakarudi, mpaka wajomba zako wajanja walipoikata mikuyu wachome matofali.

Mvua hazijaisha. Kakate matawi mengine, na wanaokucheka wape kazi ya kufukuza mbuzi.

Babu yako