Mkono wa Twaha Haukukatwa

Keko, Jumapili

Dada Munira,

Shikamoo. Sie huku wazima, na yule kuku uliyetuachia kaangua vifaranga tisa.

Kuna jambo nilikuficha, maana ungepanda basi kutoka Tanga siku ileile. Mkono wa kulia wa mume wangu ulivimba. Daktari wa kwanza alitazama picha akasema ni saratani ya mfupa, ukatwe upesi. Fundi seremala akatwe mkono! Twaha alikubali, akaanza hata kugawa randa zake. Mie nikakataa.

Nikampeleka kwa daktari mwingine wa mifupa, mama wa makamo. Majibu ya kwanza niliyabana kwenye mkoba. Aliponiuliza mwenzake alisema nini, nikamjibu, "Nitakwambia, daktari, ila kwanza naomba utazame kwa macho yako."

Akaubonyezabonyeza ule mkono. "Baba, ulishawahi kuchomwa na kibanzi hapa?"

Twaha akakumbuka: mwaka juzi, akiranda mninga. Kikachukuliwa kinyama kikapimwa, saratani hakuna. Wakapasua, wakatoa kibanzi kirefu kama njiti ya kiberiti.

Ndipo nikampa daktari yale majibu ya kwanza. Aliyasoma, kisha akasema, "Ungenipa haya mwanzoni, huenda na mimi ningeona saratani."

Jana Twaha kamaliza kabati la milango mitatu kwa mikono yake miwili. Nilipiga vigelegele, dada, mpaka mafundi wa jirani wakazima mashine kuja kuuliza nani kaolewa.

Mdogo wako mwenye furaha,
Mwanaheri