Mkutano Ulioangukia Msimu wa Ndege

Jumatatu, 17 Aprili. Kibiti

Nimenakili hotuba ya mjomba mara ya tatu. Kurasa saba. Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia, ndivyo anavyotaka. Wino umeniingia mpaka kwenye kucha. Bibi kauona wakati wa chakula akacheka: "Mke mwenzangu, hina hiyo kakupaka nani?" Nikaficha mkono chini ya kanga. Hata kwa bibi yangu naona haya. Miaka kumi na sita sasa. Sijui itaisha lini.

Mjomba ni mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, Dar es Salaam. Kateuliwa na Gavana. Hakuchaguliwa na mtu, na hulisema mwenyewe kabla watu hawajamrushia. Anachotaka ni kimoja. Watu wa visiwani, kule mto unakoingia baharini, wawe na halmashauri yao. Waichague wenyewe. Na vibali vya kukata mikoko vitolewe humo, si na Liwali peke yake.

Serikali imemjibu: hayo ni maneno yako, watu wenyewe hatujawasikia. Basi Bwana Shauri, yule Mzungu wa wilaya aliyeko Utete, atakwenda Nyamisati kuwasikiliza. Wakija wengi wakasema kwa vinywa vyao, atalipeleka jambo juu. Wasipokuja, limekwisha.

Jumatano, 19 Aprili

Mzee Kombo kaja kwa miguu kutoka Nyamisati. Miguu imevimba. Bibi kamwekea maji ya chumvi.

Alikata boriti tatu nyuma ya nyumba yake, azuie ukuta usianguke. Hana kibali. Matarishi wa Liwali wakazichukua, naye wakamfunga siku saba. Boriti zenyewe sasa zimejengewa banda la mbuzi la Liwali. Kaziona kwa macho yake, anazijua kwa vifundo.

Akamwambia mjomba: "Mheshimiwa, mikoko inaota mlangoni kwangu. Nikifungua dirisha inaingia ndani. Lakini nikiikata mimi, mwizi."

Mjomba kaniambia niandike kama alivyosema, nisipambe. Niliandika. Nilikuwa nalia kidogo, nikainamia karatasi.

Nyumba yetu ng'ambo ya Nyamisati hali yake ni hiyo hiyo. Nguzo ya pembeni imeoza chini. Mama kaomba kibali mara mbili. Liwali kamjibu amwombe kaka yake mkubwa wa Dar es Salaam.

Jumamosi, 22 Aprili

Leo nimefanya jambo baya. Au sikulifanya, nalo ndilo baya.

Barua ya Bwana Shauri imefika kutoka Utete. Anatoa siku mbili, mjomba achague. Ya kwanza 11 Mei. Ya pili mwishoni mwa Juni. Wageni walikuwa wamejaa barazani, wanaume watupu, wanakunywa kahawa. Mjomba kasema ya pili itakuwa ndani ya Ramadhani, na yeye anataka kurudi Dar es Salaam mwezi wa Mei na jambo mkononi. Kachagua ya kwanza. Akaniita niandike jibu pale pale, mbele ya watu wote. "Huyu ndiye karani wangu," akawaambia. "Hakosei."

Niliandika 11 Mei kwa mwandiko mzuri kabisa.

Na nilijua. Mwanzoni mwa Mei mpunga wa kule kwetu unashika maziwa. Ndege wanashuka kama wamemwagwa. Kila nyumba inahamia shambani, inakaa juu ya dungu, kile kibanda chetu cha miguu mirefu, tangu alfajiri mpaka magharibi. Baba, mama, watoto, na mwenye homa pia. Ukiondoka nusu siku unarudi kukuta makapi. Mimi nimeanza kukaa dunguni kabla sijajua kuhesabu.

Mjomba kazaliwa kule kule. Lakini kaondoka na miaka tisa kwenda shule, na tangu hapo anarudi na koti.

Kalamu ilisimama. Nilifungua mdomo. Mzee mmoja akanitazama, kunitazama tu, nikaufunga. Barua imeondoka na lori la mchana.

Jumapili, 23 Aprili

Nimejiambia watakuja tu. Jambo ni lao. Watakuja.

Siamini.

Ijumaa, 28 Aprili

Shabani muuza ng'onda, wale samaki wakavu, kaja na baiskeli yake. Kaniita pembeni, nyuma ya jiko. Ana salamu za mama. "Mama yako anasema mwambie kaka, siku hiyo hatoki mtu. Ndege wameshaanza kule chini. Aahirishe." Kisha akaongeza lake: "Na mwambie Liwali anacheka. Anasema safari hii hana haja ya kuwafunga watu, ndege wamemfungia."

Siku kumi na tatu zimebaki. Barua kwenda Utete ni siku mbili. Muda upo tele.

Nimekwenda mpaka mlangoni kwa mjomba mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa na wageni. Mara ya pili alikuwa anaswali. Mara ya tatu alikuwa peke yake, kavua miwani, anajisomea hotuba kwa sauti na kutikisa kidole kama yumo Barazani. Akaniona. Akafurahi. Akaniuliza, "Mama anasemaje huko?"

Nikasema, "Anasalimu."

Niliogopa angeuliza kwa nini sikusema ile Jumamosi. Basi. Hakuna sababu nyingine. Nimeitafuta nyingine usiku kucha, sijaipata.

Jumanne, 2 Mei

Sili vizuri. Bibi anadhani nina posa. Anatania mbele ya watu, nami natamani ardhi inimeze.

Mjomba kanunulia mkutano mikeka. Kaazima na ya msikitini. Anasema watu wakikosa pa kukaa itakuwa aibu.

Ijumaa, 5 Mei

Niliandika karatasi ndogo. "Mjomba, siku ile watu wako dunguni." Nikaitia mfukoni mwa koti lake. Baada ya magharibi nikaenda kuitoa. Nimeitia motoni.

Jumatano, 10 Mei. Nyamisati

Tumefika kwa lori, mimi juu ya mikeka. Mji mtupu. Milango imefungwa kwa kamba. Kuku wanatembea peke yao. Mjomba kazunguka mara moja, kisha kasema kwamba watu wako kwenye shughuli, kesho watakuja. Hakunitazama. Mimi pia sikumtazama.

Tumelala kwa Mzee Kombo. Yeye yupo kwa sababu hana shamba mwaka huu. Siku zile saba za kifungo zilimwangukia wakati wa kupanda, mvua ikamwacha.

Alhamisi, 11 Mei

Naandika sasa hivi nisije nikajidanganya baadaye.

Bwana Shauri kaja saa tatu. Pua nyekundu, kofia, daftari. Si mtu mbaya. Kamwamkia Mzee Kombo kwa "shikamoo". Liwali alikuwa kushoto kwake, kanzu nyeupe pe, matarishi wanne nyuma. Mikeka ishirini imetandikwa. Waliokaa juu yake nimewahesabu: Mzee Kombo, imamu, mwenye duka, na jamaa watano wa Liwali. Mimi nilikaa kigogoni na faili.

Na ng'ambo ya mkono wa maji, madebe. Tangu tulipokaa mpaka tulipoondoka. Debe, kelele, debe, kelele. Wanawake, wanaume, watoto. Walikuwa wote pale. Upepo ulikuwa unatuletea sauti zao vizuri kabisa. Nilimtambua mama. Ana namna yake ya kuvuta mwisho.

Bwana Shauri kauliza kelele hizo ni za nini. Liwali akainama kwa adabu. "Wanafukuza ndege, Bwana Mkubwa. Mheshimiwa anataka watu wachague. Basi, wamechagua. Wamechagua ndege." Matarishi wakacheka. Mmoja akasema chini chini, lakini mjomba asikie, "Tuwaite hao ndege wapige kura."

Mzee Kombo akasimama. Kasema habari ya boriti zake yote, na banda la mbuzi, na Liwali yuko hatua sita mbele yake. Peke yake. Mguu umevimba. Bwana Shauri kaandika. Halafu akasema mzee mmoja si nchi nzima.

Mjomba kasimama. Kaeleza kwamba watu wamo mashambani, si kwamba hawataki. Kasema vizuri. Lakini Bwana Shauri kamkata, bila ukali: "Wewe unakaa Kibiti na Dar es Salaam. Ingekuwa ndivyo, ungejua mapema kwamba siku hii haifai. Siku umeichagua wewe. Nataka mtu wa hapa aniambie."

Nilimwona mjomba akielewa. Pale pale, mbele ya watu. Uso ulimlegea. Kisha akageuka akanitazama.

"Mpwa wangu kwao ni pale ng'ambo," akasema. "Anayajua yote. Atakueleza kwa lugha unayotaka."

Bwana Shauri akageuka kwangu. Kaniuliza kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza, polepole, kama kwa mtoto. Je, ni kweli watu hawawezi kuja? Wanaitaka halmashauri hii?

Nilikuwa na maneno. Nina lugha mbili. Nimenakili hotuba ile mara tatu, naijua kwa moyo. Ilitosha kunyoosha kidole kule kelele zilikotoka nikasema: mama yangu ni yule, nguzo ya nyumba yake imeoza, wasikilize.

Nilitazama vidole vya miguu yangu. Nikasikia madebe. Nikasikia Liwali anakohoa. Faili lilinidondoka, karatasi zikatawanyika, na hata kuziokota sikuweza.

Bwana Shauri kangoja. Kangoja kweli, siwezi kumsingizia. Kisha kafunga daftari.

Ijumaa, 12 Mei

Tumekunja mikeka. Mjomba kasaidia kuikunja mwenyewe. Aliniambia jambo moja tu njia nzima, kwamba nishike vizuri, lori linaruka.

Najichukia.

Jumatatu, 22 Mei. Kibiti

Jibu limetoka Utete. Nimelifungua mimi, kwa sababu ni kazi yangu. Watu wa visiwani hawajaonyesha haja ya halmashauri. Shauri limewekwa kando. Liwali ataendelea na vibali kama zamani.

Nililipeleka kwa mjomba. Kalisoma. Kalikunja mara nne. Ndipo nikasema. Sijui sauti ilitoka wapi, ilikuwa kama ya mtu mwingine. Nikamwambia ya Jumamosi ile, na kalamu iliyosimama. Nikamwambia ya Shabani, na salamu niliyoigeuza. Nikamwambia ya karatasi niliyoichoma.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua."

Nilitaka anipige. Ingekuwa nafuu. Alivua miwani akaifuta kwa pindo la kikoi, muda mrefu mno.

"Mimi nimezaliwa dunguni," akasema. "Mama alikuwa anafukuza ndege, uchungu ukamshika. Bibi yako huyo huyo. Muulize." Kisha akavaa miwani. "Kasimama mbele yangu Mzee Kombo, nikamsikiliza boriti zake. Sikumuuliza mpunga uko wapi. Hilo ni langu, mwanangu. La kwako lichukue wewe. Silichukui."

Hakusema amenisamehe. Sikuomba.

Kesho anarudi Dar es Salaam. Atasimama Barazani mikono mitupu. Mimi nimemwomba ruhusa niende kwa mama mpaka wavune. Kasema nenda.

Alhamisi, 25 Mei. Ng'ambo ya Nyamisati

Nguzo imeanguka kabla sijafika. Ukuta wa pembeni umelala chini, na nusu ya paa juu yake. Hakuna aliyeumia, mama alikuwa shambani. Kavihamishia vyombo dunguni, sufuria tatu na sanduku langu la shule.

Mikoko inaanzia hatua thelathini kutoka hapo. Imenyooka. Tumepita pembeni yake, sisi wawili, hatukuitazama.

Nimemweleza kila kitu wakati tunapika. Aliendelea kupuliza moto. Baadaye kasema, "Toka utoto nakwambia ukiona jambo useme. Unaniangalia tu na macho hayo." Akanipa ugali wa muhogo na kipande kikubwa cha samaki. Ameniumiza zaidi kwa kipande hicho.

Ijumaa, 2 Juni

Mzee Kombo kavuka na mtumbwi kutusalimu. Tangu mkutano ule Liwali hamwitiki salamu. Kauliza Mheshimiwa atakuja tena lini. Nikamwambia sijui. Akauliza akija, atakuja mpunga ukiwa wapi? Nikamwambia ukiwa ghalani. Hiyo niliisema mwenyewe, bila kuulizwa mara mbili.

Akacheka kidogo, kisha akakohoa, akaondoka.

Jumapili, 4 Juni

Mvua kidogo asubuhi. Mpunga unaanza kugeuka rangi. Wiki mbili zaidi, mama anasema, labda kabla ya kufunga.

Ndege wengi leo. Mama kashikwa na mgongo, kalala kwenye mkeka chini ya dungu. Nimebaki juu peke yangu na debe. Debe limetoboka, halilii vizuri. Basi napiga kelele tu. Mwanzoni ilitoka ndogo, wakaruka wachache, wakatua tena. Nikavuta pumzi. Nikapiga nyingine, na nyingine, mpaka koo likawa na ladha ya chuma.

Jioni sauti imekauka kabisa. Mama kaniletea maji. Kasema punguza, mwanangu, utakohoa damu. Sauti yako leo inafika mpaka Nyamisati.