Pini Niliyoificha Mfukoni

Ndugu yangu Sefu,

Binti yako amening'oa jino. Lile la mbele, la juu, lililokuwa na ufa tangu uliponipiga kiwiko siku tuliyoangukia paa la ghala la katani. Jana asubuhi Zuhura aliimaliza kazi yako. Nakuandikia nina pamba mdomoni, shavu limevimba mpaka jicho la kushoto halifunguki vizuri, na naapa sijawahi kupigwa nikaridhika kama jana.

Ngoja nianze mwanzo, maana uliondoka zamani na mengi huyajui.

Niko Doha. Ndiyo, mimi Kombo, niliyekuwa nikiapa siendi Arabuni hata kwa kufungwa kamba. Huu mwaka wa sita nakunja miavuli kwenye klabu ya kuruka kutoka ndegeni iliyoko jangwani, nje ya jiji. Ndege ikipanda unaiona Lusail yote, maghorofa mapya yamesimama mahali ambapo palikuwa mchanga mtupu. Na miavuli yenyewe usingeiamini. Ya siku hizi ni ya mraba, unaiendesha utakako, unatua kwa miguu miwili kama mtu anayeshuka ngazi. Mwavuli wa akiba una kijisanduku kinachopima kasi yako, na ukishindwa kuvuta, kinakuvutia chenyewe. Siku niliyoonyeshwa kijisanduku hicho nilitoka nje nikalipiga teke pipa la taka mpaka likabonyea. Mudir, meneja wetu, alidhani ni jua. Nikalinyoosha pipa kwa mikono yangu.

Sisi tulikuwa na nini, Sefu? Miavuli ya duara iliyochoka jeshini, viraka juu ya viraka. Ule haukuwa ukifunguka, ulikuwa ukikupiga. Mikanda ilikukaba mapajani, shingo ikarudi nyuma, na mwezi mzima tulitembea na mabega meusi. Kutua ndiko kulikuwa kunavunja watu. Mimi kifundo cha mguu mara mbili, wewe mbavu tatu, na rubani wetu mzee alikuwa akicheka tu kwenye kindege chake kilichong'olewa mlango.

Saa ya kupimia urefu hatukuwa nayo. Tulihesabu. Wenzetu walihesabu namba, wewe ulihesabu matusi: matusi kumi ya baba mkwe wako, moja kila sekunde, na la kumi likitoka unavuta. Ndivyo ulivyonifundisha na mimi. Huyo mkweo simjui hata sura, lakini ameniokoa maisha zaidi ya mara mia mbili.

Na mruko wangu wa kwanza unaukumbuka. Nilishika ubavu wa ndege kwa mikono yote, nikalia, nikamwita mama yangu. Ukanigonga vidole kwa ngumi, kimoja kimoja, kisha ukanipiga teke la kifuani nikatoka. Nilikuchukia mpaka chini. Nilipotua nikataka kupanda tena siku hiyo hiyo.

Basi hilo teke ndilo lililotufikisha tulipofika.

Siku ile walikuja watazamaji, na kati yao shemeji yangu, kaka yake Mwanaisha niliyetaka kumwoa, siku chache kabla ya posa. Tumeshavaa miavuli mgongoni, tunamngoja rubani, wewe ukaanza kusimulia. Ukaigiza nilivyolia. Ukaigiza sauti yangu nikimwita mama. Watu wakashika mbavu, na shemeji akacheka kuliko wote. Nilikwambia nyamaza. Ukaigiza tena.

Nikakupiga mdomoni. Ukanirudishia sikioni, nikasikia mlio. Nikakushika kiunoni, nikakubwaga chali juu ya saruji, na mwavuli mgongoni, na mimi juu yako, nikakupiga mpaka damu ya pua yako ikanirukia machoni. Wewe ulikuwa ukicheka. Ulikuwa ukipigwa na unacheka, na hicho ndicho kilichonitia wazimu. Watu walituamua kwa kutuvuta miguu.

Rubani akaita. Tukapanda, kwa sababu tulikuwa wapumbavu na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema leo tusiruke.

Desturi yetu ni wewe uliyeianzisha. Kabla ya kutoka, kila mtu humpa mwenzake mgongo. Mwenzako anafunua kitambaa cha mgongoni, anazitazama moja moja pini zinazochomoka ukivuta kishikio ili mwavuli ufunguke, anafunika, halafu anakutandika kofi la mgongo, zito, ulisikie juu ya kelele ya injini. Kofi hilo maana yake ni moja tu: nimetazama, uko sawa. Ulikuwa ukisema mtu anayeliuza kofi hilo bure ni muuaji.

Ulinipa mgongo. Pamoja na yote yale, pua ikivuja, uligeuka ukanipa mgongo bila hata kufikiri. Na mimi sikufunua, Sefu. Sikutaka hata kukugusa. Nikakutandika kofi kwa nguvu zangu zote, la hasira, na ukatoka mlangoni.

Nilikufuata, na nilikuwa juu yako nilipofungua wangu. Nikatazama chini nikakuona unavuta. Unavuta kwa mkono mmoja, kisha kwa miwili, umejikunja, unapambana na kile kishikio kama unapigana na mtu. Nilipiga kelele mpaka koo likachanika. Mwavuli wa akiba uliutoa ukiwa umeshachelewa, ukatanda nusu, na katani ikakupokea. Mshindo wako niliusikia kutoka juu. Bado nausikia.

Nilitua karibu nawe, nikaanguka, nikaja kwa magoti, miba ya katani ikinichana mapaja. Nilivyokukuta sitaandika, wewe unajua na mimi najua. Nikafunua kile kitambaa ambacho sikukifunua juu. Pini ya pili ilikuwa imepinda. Ilipinda pale kwenye saruji, nilipokubwaga na kukukalia. Kutazama mara moja kungetosha.

Nikaichomoa. Nikaitia mfukoni kabla watu hawajafika.

Wakasema ulikunja vibaya. Wakasema Sefu alikuwa na masihara mno, hata kazi yake aliifanyia masihara, akajiua mwenyewe. Nilisimama matangani nikayasikia hayo, mkeo akayasikia, na sikufungua mdomo. Wewe, mkunjaji hodari kuliko sisi sote. Mwanaisha nilimwoa miezi miwili baadaye, na ndoa haikumaliza mwaka, kwa sababu nilikuwa nikipiga kuta usingizini na siku moja nikampiga yeye. Tangu hapo nalala peke yangu.

Sasa sikia. Mwaka jana klabu ilileta mtu mpya wa mapokezi, Mkenya. Mwanamke mrefu, anacheka kwa pua. Nilikuwa nimeinama juu ya mwavuli niliposikia kicheko hicho, kicheko chako, nikainua kichwa. Zuhura wako, Sefu. Ulimwacha hajaota meno. Alinijua kwa picha ya zamani iliyoko kwa mama yake, akaniita Ami, akawa ananiletea chai ya karaki kila asubuhi, na akataka kuruka. Kabla msimu haujaisha alikuwa akiruka peke yake. Siku moja, tukila, aliniambia yeye anakagua vitu vyake mara tatu kwa sababu baba yake alikuwa mzembe. Alilisema kwa upole, bila chuki yoyote. Nikaisukuma sahani pembeni.

Jana alikuja na mwavuli mgongoni, watu wakielekea kwenye ndege, akageuka akanipa mgongo. Mimi sikumfundisha. Huku wanakaguana kimyakimya, hakuna kofi. Akasema, "Ami, nimesikia kwa mama nyinyi mlikuwa mnapigana kofi la mgongo. Na mimi nipige la baba."

Mkono wangu ulikataa kunyanyuka.

Nikamgeuza, nikamwambia yote. Shemeji, kicheko, saruji, kofi. Nikamwambia baba yako alikunja vizuri, hakuwa mzembe hata siku moja, mimi ndimi niliyempindia pini na mimi ndimi niliyekataa kuitazama. Nikaitoa. Huwa natembea nayo, imechakaa kwa kushikwashikwa. Nikamwekea kiganjani.

Aliitazama. Akaifumbata, na kwa ngumi hiyo hiyo, pini imo ndani, akanipiga. Nilianguka juu ya meza ya kukunjia. Akanifuata akanipiga tena, akanipiga teke la mbavu, kama lile lako la mlangoni, na hapo ndipo nilipokuona wewe kabisa. Watu wakaja mbio na mudir akitaka kuita walinzi. Nikainua mkono nikamwambia mwache, hayo ni ya nyumbani. Kiganja chake kilikuwa kinatoka damu, pini ilikuwa imemchoma.

Akanitazama nikitema jino. Akafuta mkono kwenye suruali. Rubani akaita.

Zuhura akageuka, akanipa mgongo.

"Kagua," akasema. "Na leo utazame."

Nilitazama, Sefu. Nilifunua, nikaigusa pini yake, nikaitazama mpaka macho yakajaa na sikuona tena, nikayafuta nikatazama upya. Mkanda, kishikio, akiba, kila uzi. Ndege ilitungoja. Kisha nikampiga kofi la mgongo, hata yeye akapiga hatua mbele.

Alitua vizuri. Alinipita bila salamu na pini yako hakunirudishia. Usiku alimpigia mama yake simu, na mjini kwenu leo wameshajua aliyekuua. Wakinitaka nitakwenda. Sitakimbia.

Lala, ndugu yangu, jina lako limesafishwa, japo na mtu aliyelichafua. Sikuombi unisamehe, ningekuwa wewe ningekataa. Nakuahidi hili tu: maadamu Zuhura anapanda ndege na mimi nina macho, hatatoka mlangoni kabla sijafunua na kutazama, hata akinichukia, hata akinivunja yaliyobaki.

Leo asubuhi alikuja. Hakuniita Ami. Alinipa mgongo tu, akangoja.

Kombo