Ali, Foreman na Baba Quinter

Jumapili, 6 Novemba 1994

Nimetoka kanisani nikamkuta Baba Quinter amekaa na redio mapajani kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Nikauliza nani amekufa. Akasema hakuna. Foreman ameshinda.

Foreman nani?

Aliniangalia vibaya. Miaka yote hii ya ndoa — na sijui Foreman!

Basi nimeelezwa, chakula kikipoa. Huyu Foreman ndiye Ali alimwangusha kule Kinshasa mwaka wa sabini na nne. Mwaka huohuo Jairus wangu, huyuhuyu Baba Quinter, alichukua ubingwa wa ndondi wa kampuni, uzito wa juu, kabla hajanioa. Sasa Foreman ana miaka arobaini na tano, ana kitambi, na amemlaza bingwa wa dunia, kijana wa miaka ishirini na sita. Amerudisha mkanda.

Jairus pia ana miaka arobaini na tano. Kitambi pia anacho. Nilimwona akikiangalia.

Jumatano, 9 Novemba

Mabishano kwa hoteli ya Nyatichi, karibu na geti ya kiwanda. Nilikuwa nimeenda kuchukua mandazi ya watoto wangu wa nasari, nikasimama kando.

Upande mmoja Jairus, bado na jasho la kazi yake ya boila kiwandani. Upande mwingine Kipkurui, dereva wa trekta, mtoto wa Cheptoo jirani yetu ng'ambo ya kijito. Yeye ndiye bingwa wa kampuni wa sasa. Kijana mrefu, mabega kama mlango.

Kipkurui anasema ni Tyson tu. Hata akiwa jela, akitoka atawamaliza wote. Mathew wa ofisi anasema Joe Louis, kwa sababu baba yake alisema. Hakuna aliyemsikiliza. Jairus anasema hii ni hesabu rahisi. Ali alimpiga Foreman akiwa kijana. Foreman akiwa mzee amempiga bingwa wa siku hizi. Kwa hivyo Ali angewapiga wa siku hizi wote, na huku akiongea.

"Mzee, hiyo ni bahati," Kipkurui akasema. "Wa zamani ni wa zamani. Hata wewe wanasema ulikuwa bingwa. Nani aliona?"

Nyatichi aliacha kumimina chai.

"Utaona wewe," Jairus akasema.

Jumamosi, 12 Novemba

Ni kweli, watapigana. Sikukuu ya Jamhuri, uwanja wa kampuni, baada ya kuvuta kamba na mbio za magunia. Raundi tatu.

Bosire, afisa wa maslahi ya wafanyakazi, alikuja nyumbani. Si ndondi inayomsumbua. Tangu ile vita ya makabila ya tisini na mbili anaogopa kitu chochote kinachoweka Jairus Ogola upande huu na Kipkurui, Mkipsigis, upande ule. Akauliza kwa sauti ya chini, hii ni ya nini hasa?

"Ni ya zamani na ya sasa," Jairus akasema.

Bosire akaniangalia mimi. Nikamwongezea chai. Aliondoka hajaridhika. Mimi pia.

Ijumaa, 25 Novemba

Anakimbia kila asubuhi katikati ya mashamba ya chai. Wachumaji wanamwimbia. Apiyo, mmoja wao, anasema alimpita akiwa na kikapu kimejaa mgongoni, na yeye Apiyo alikuwa anatembea tu.

Nimempeleka dispensari. Presha iko juu. Nesi amesema asibebe kitu kizito, asikimbie, asikasirike. Jairus akauliza kama amekatazwa kupigwa pia. Nesi hakucheka.

Njiani nikamwambia nitabaki mjane kwa sababu ya mtu wa Amerika ambaye hanijui. Akasema Foreman pia ana mke.

Alhamisi, 1 Desemba

Nimevuka kijito kwenda kwa Cheptoo. Sikujua naenda kusema nini. Yeye pia hakujua — tulikaa tukiangalia ng'ombe. Mwishowe akasema, "Huyu boiyot wako anataka nini na mtoto wangu?" Nikasema mzee wangu anataka miaka ishirini irudi. Akatingisha kichwa. Analijua hilo, naye aliolewa.

Kipkurui akatukuta.

"Mama, mwambie mzee aache."

"Mwambie wewe."

"Nikiacha, wataniita mwoga. Nikimpiga, nimepiga mtu wa umri wa baba. Na akinipiga —"

"Utahamia Litein kwa aibu," mama yake akamalizia.

Nilicheka peke yangu.

Aliponisindikiza mpaka kijitoni, Kipkurui akasema jambo ambalo sikulijua. Jairus ndiye aliyemfundisha kukunja ngumi, nyuma ya kiwanda, kitambo. Kidole gumba nje, usije ukakivunja. Jairus hajawahi kunitajia.

Jumapili, 11 Desemba

Pasta ameombea amani ya nchi huku akitazama benchi letu.

Nimemwambia Jairus yale ya ngumi.

"Basi anajua kujikinga," akasema. Ni hilo tu.

Jumatatu, 12 Desemba

Niandike kabla sijalala.

Nilikuwa naogopa watu watasimama vipi. Walisimama hivi: wazee wote upande wa Jairus, hata wazee wa Kipsigis na blanketi zao. Vijana wote upande wa Kipkurui, hata watoto wa Apiyo, wa kabila letu. Nilimshukuru Mungu kimyakimya. Bosire alikuwa anafuta jasho.

Raundi ya kwanza, Jairus alianguka. Sikuona ngumi yenyewe, niliona tu soli za viatu. Akaamka.

Raundi ya pili akaegemea kamba, akaficha uso, kama Ali kule Kinshasa. Wazee wakalipuka — "Ali! Ali!" Shida ni kwamba kamba ya Kinshasa ilikuwa kamba. Yetu ni ya mkonge, imefungwa kwa nguzo za goli. Ililegea mpaka Jairus akawa kama mtu amekaa kwenye kiti. Kipkurui akampiga hapohapo kitini. Mbavu, mkono, mbavu. Nilihesabu watoto wangu kichwani, sijui kwa nini.

Raundi ya tatu damu ilikuwa inatoka puani na pumzi yake nilikuwa naisikia kutoka nilipokaa. Kipkurui akasimama. Akashusha mikono yote miwili. Midomo yake ikacheza, akasema kitu.

Jairus akampiga.

Mkono wa kulia, mmoja. Kijana akaenda chini mzimamzima. Refa, mwalimu wa michezo wa shule ya msingi, alihesabu polepole sana lakini kumi ikafika.

Wazee wakambeba Jairus juu. Watu wanacheza, wanarusha kofia. Mimi niliangalia uso wake tu. Nimeuona uso huo akitoka kuzika mama yake.

Tulipofika nyumbani nikamwosha damu. Nikauliza, kijana alikuambia nini?

"Alisema, mzee, inatosha."

"Na wewe ulisikia?"

"Nilisikia."

Jumatano, 14 Desemba

Taya ya Kipkurui haijavunjika. Amefungwa kitambaa, anakunywa uji tu. Nilipeleka maziwa ya mtindi, Cheptoo akapokea, hakunikaribisha ndani. Sikumlaumu.

Watu hawaishi kuja kumpongeza Jairus. Ananiambia niseme hayuko. Mathew alimpata mlangoni. Akasema sasa imethibitika, wa zamani walikuwa na nguvu, na hata Joe Louis —

"Hakuna kitu imethibitika," Jairus akamkata. "Yule aliyepigwa na Foreman alikuwa ameinua mikono kujikinga."

Mathew hakuelewa. Akaenda.

Jioni hii Jairus ametoka bila koti, bila kusema anaenda wapi. Nimeenda dirishani. Ameshuka kijitoni, amepanda upande wa pili, amesimama nje ya boma la Cheptoo. Hapigi hodi. Mbwa anabweka, yeye amesimama tu. Nimechambua mboga zote, bado amesimama.

Sasa Kipkurui ametoka. Namjua kwa kile kitambaa cheupe. Hawajasalimiana. Jairus anaongea, kijana anasikiliza. Cheptoo ametokea mlangoni.

Jairus amenyamaza. Amerudi hatua moja nyuma. Ameshusha mikono yote miwili, ameiacha ikining'inia. Amenyoosha kidevu.

Kipkurui anamwangalia.

Quinter ananiuliza baba anafanya nini pale. Nimemwambia aniletee viatu, navuka.