Tundu la Sita la Flaiwili

Gereji ya Fundi Hermenegildi,
Lipangalala, Ifakara.
Jumatano, 11 Julai 1956.

Mpendwa binamu Fulgensi,

Unaandikiwa na fundi wa injini anayeogopwa kuliko viboko wa mto Kilombero. Toka Mlimba mpaka kwenye pantoni ya kuvukia mto, hakuna lori litakalosikia nakohoa likakataa kuwaka. Kwa hiyo barua hii uisome umesimama, kofia umevua.

Sasa salamu. Hujambo huko Dar es Salaam? Kile kifua kimepona? Shikamoo sikupi, umenizidi mwezi mmoja tu, tena nasikia ulizaliwa na kichwa kikubwa kikamtesa mama yako. Sisi huku wazima, ila mimi silali, na ugali haushuki. Sababu utaiona.

Ile krenki uliyotununulia, uti wa mgongo wa injini, ilifika salama. Fundi wangu Hermenegildi aliigeuzageuza, akasema haikutoka kiwanda kilichotengeneza lori hili tulilo nalo gerejini, lakini chuma chake ni kizuri. Ikaingia kwenye injini kama mguu ndani ya kiatu cha zamani. Taabu ilianzia nyuma, kwenye flaiwili, lile gurudumu zito ambalo klachi hulikamata. Flaiwili ni ile ile ya zamani, krenki ni mgeni. Matundu matano ya boliti yakatazamana vizuri. La sita likatazama pembeni kama mke aliyenuna.

Fundi akasema, “Tusilazimishe. Flaiwili itakwenda Morogoro, itobolewe kwa mashine.” Kisha akaenda mazikoni Namawala, akaniachia gereji. Tajiri mwenye lori naye akawa haondoki mlangoni, mpunga umejaa ghalani mwake.

Wewe una darasa la nane. Mimi wa darasa la nne nina tupa. Nikalipiga tupa lile tundu la flaiwili mpaka likawa refu kama punje ya haragwe, boliti ikapita, nikakaza, nikafunika.

Fundi aliporudi aliniuliza, “Uliizungusha flaiwili mpaka ikapata pake?”

“Niliizungusha, Fundi.”

“Matundu yakakubali?”

“Yakakubali yenyewe.”

Lori likawaka, lakini likitetemeka. Pantaleo, dereva wetu, alikuwa ameweka kikombe chake juu ya boneti, chai ikamwagika yote. Akasema, “Kelestini, mgonjwa wako ana malaria.” Nikamjibu kwamba krenki ni bibi harusi, siku ya kwanza lazima atetemeke. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, ila nilisikia kitu kule kwenye klachi kikigonga polepole, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu.

Jumamosi likaondoka na mpunga kwenda Mahenge. Mama yako alikaa mbele na Pantaleo, anakwenda kumtazama dada yako Tekla, aliyejifungua mtoto wa kiume. Hongera, mjomba. Lilikuwa lirudi juzi. Waliotoka upande ule wanasema kwenye pantoni lori lilivuka vizuri, na Lupiro lilionekana. Baada ya Lupiro hakuna anayejua neno.

Na wewe unavijua vile vilima. Boliti ile ikikatika, wenzake hawakai. Flaiwili itapasua sakafu pale pale penye miguu ya waliokaa mbele, na Pantaleo hatakuwa na gia ya kulizuia lori mteremkoni. Kila ninapofumba macho naona viatu vya shangazi, vile vyeupe vya kanisani.

Leo nimemwambia Fundi habari ya tupa. Nilijua atanipiga. Hakunipiga. Alikaa juu ya tairi akaomba maji ya kunywa. Kesho alfajiri tunatoka kwa baiskeli, yeye na mimi, tulitafute popote lilipo, na tukilikuta zima lisisogee hata hatua moja.

Nisalimie kaka Barnaba na shemeji Margareta, na watoto wao wote. Bikira Maria akufunike kwa vazi lake, na sisi atufunike pia, maana wiki hii sisi ndio wenye baridi.

Nilitaka kuishia hapo, lakini mkono umekataa kutia sahihi.

Fundi ana desturi yake. Aliyekaza flaiwili ndiye hukaa kando ya dereva safari ya kwanza, ili ikilia, asikie yeye kabla ya wengine. Jumamosi zamu ilikuwa yangu. Nikasema nina homa. Fundi akanipa kwinini, nikaimeza mbele yake, na homa sikuwa nayo. Mama yako alikuwa amekwisha kukubali kungoja lori jingine, la watu wa Ulanga. Mimi ndiye niliyemwita. Nikamwambia, “Shangazi, panda hapa mbele, chukua nafasi yangu.” Akanishika kichwa akanibariki, akasema siku hizi vijana wenye adabu ni wachache.

Nilimpa kile kiti, Fulgensi, kwa sababu niliogopa kukikalia mimi.

Ni mimi nikupendaye, hata kama wewe hutaweza tena,
Kelestini