Mjomba, Jogoo wa Pindo Yuko Wapi?

Mpendwa Mjomba,

Nilipoteza jogoo wangu wa mbegu Jumamosi iliyofuata Idi, kabla ya adhuhuri, nikiwa Ukunda kupeleka vifaranga vya watu. Hakuliwa na ngawa wala hakuruka ua. Ulimchukua wewe.

Shikamoo. Salamu siwezi kukunyima, hata kwa hasira hii. Simu yako haipatikani tangu siku hiyo, na nyumbani kwako Bodo nimekuta kufuli. Ndiyo maana ninaandika hapa kwenye kundi la wafugaji. Mtu wa Msambweni au wa Lunga Lunga anaweza kukusomea, hata kama wewe hutaki kusoma.

Wewe ndiye uliyenifundisha kumshika kuku. Nilikuwa mdogo, nyuma ya jiko la Mama, ukanifunga macho kwa leso yake na kuniwekea tetea mikononi. Nikakwambia huyu mnene. Ukacheka. "Huyo ana manyoya, mwanangu. Unene wake utapeperuka akinyonyolewa." Ukanishika vidole, ukavipitisha kwenye mfupa wa kidari, mgongoni, kisha kati ya nyonga. Sijasahau mpaka leo, na kila kuku ninayemnunua nampapasa hivyo hivyo, wauzaji wakinicheka.

Nilipoacha kufua mashuka ya hoteli Diani na kuagiza trei ya mayai ya kuku wa kizungu, Wyandotte, kutoka bara, ni wewe pekee ambaye hukuniambia nimepotea. Mayai thelathini, yakaanguliwa kumi na mawili. Walipokua ukaja kuwatazama, ukawazunguka mara mbili. "Hawa wamevaa makoti," ulisema. "Kuna aliyewaambia kwamba hapa ni Waa, kwenye joto la pwani?" Nikakuonyesha unyoya mmoja: katikati mweupe, na ukingo mweusi umeuzunguka wote, kama pindo la leso. Ukaushika juani muda mrefu. Tangu siku hiyo tukawaita kuku wa pindo, na jina la kizungu tukawaachia wanunuzi.

Tuligombana sana, mimi na wewe. Mimi nilitaka rangi. Wewe ulitaka umbo. Mimi nikimpenda jogoo kwa pindo lake, wewe unasema ana kidari cha kunguru. Wewe ukimpenda kwa upana wake, mimi nakuonyesha vumbi jeusi limetapakaa ndani ya weupe. Mwisho tukakubaliana. Wewe ukae kwenye kigoda ufumbe macho, nikupe kuku mmoja mmoja, uwapapase usiseme neno. Mimi niwafungue mabawa juani, unyoya kwa unyoya, nisiseme neno. Anayepita kwako na kwangu ndiye abaki. Anayepita kwa mmoja ni wa kisu.

Vizazi vinne tulifanya hivyo. Vifaranga sitini kila kizazi, tukabakiza wanane, tisa. Watu walipita uani wakidhani tunaagua.

Na siku ile nilipokupa yule jogoo, ulimkalisha mapajani muda mrefu kuliko wote. Mgongo mfupi na mpana. Kidari kimejaa. Upanga, ile nyama nyekundu ya utosini, umelala bapa, haukusimama kama msumeno. Mimi nilikuwa nimeshamwangalia bawa, kifua na mgongo, sikuona kosa, na nilikuwa ninakuangalia uso wako tu. Ukafumbua macho. "Nani huyu?"

"Sema wewe kwanza, Mjomba."

"Huyu hauzwi," ulisema. Ukamwita Bwana Harusi.

Lilikuwa neno lako, silo langu. Yule mtu wa bara mwenye banda kubwa Ukunda alipokuja kumtaka nilimjibu kwa neno lako hilo hilo, na wewe ulikuwepo, ukinywa kahawa yangu.

Sasa Jumamosi ile. Nimerudi, Mama anachambua mchicha mlangoni.

"Mjomba wako alikuja."

"Kaondoka na nini?"

"Kaondoka na jogoo."

"Yupi?"

"Sijui mie. Yule wa leso leso."

"Wote wa leso leso, Mama."

"Basi yule mkubwa. Nikampa na tenga, maana alikuwa anamning'iniza miguu juu, nikamwonea huruma."

"Hukumuuliza anampeleka wapi?"

Mama akaweka mchicha chini. "Tangu lini mjomba akaulizwa nyumbani kwa mpwawe?"

Na kweli, ndivyo tulivyo. Kwetu mjomba haombi. Akiingia uani kwa mpwawe akaona cha kubeba, anabeba, na mwenye nyumba anashukuru kwa kutembelewa. Mbuzi wangu wa kwanza ulimchukua hivyo, nikakusindikiza hadi barabarani nikicheka. Ungemchukua hata mbuzi wa pili.

Lakini nilikwenda bandani. Majogoo sita wa kisu walikuwepo, wote sita. Wawili wenye upanga wa kusimama, watatu wenye vumbi, na mmoja ambaye weupe wake unavuja nje ya pindo. Wanene, wa kumpa mgeni yeyote bila aibu. Uliwapita sita ukamchukua wa saba. Mtu mwingine ningesema hakujua. Wewe ungemjua hata ukiwa umefumba macho, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Wako wanaosema ulimchinja Bodo, siku wageni wa posa ya binti yako walipofika, kwa kuona haya kuwaandalia jogoo wa kawaida. Dereva wa bodaboda wa Lunga Lunga anasema alikubeba na tenga, mkaipita njia ya Bodo bila kusimama, na jogoo aliwika njia nzima. Sijui nimwamini nani. Pande zote mbili zinaapa.

Mama anasema uliliacha neno mlangoni: "Nusu ya jogoo huyu ni mikono yangu." Nusu ninaikubali, tena mbele ya watu wote wanaosoma hapa. Bila mikono yako ningekuwa na kuku wa kupigwa picha, vidari kama kisu. Mayai ni yangu, chakula ni changu, dawa ni zangu, na bado nakwambia chukua nusu. Ila nusu ya jogoo ni kitoweo, Mjomba. Ungeniambia unataka nusu yako ningekupa vifaranga vyake, uchague wa kwanza, macho yamefumbwa au yamefunguliwa.

Usifikiri nitampata mwingine kwake. Ulipomchukua, mitetea wanane walikuwa wananyonyoka manyoya, hawatagi. Yai lenye mbegu yake msimu huu sina hata moja. Sasa manyoya yamerudi na wiki hii wameanza kutaga, na mayai yote hayana mbegu. Wa kurithi nafasi yake ni mmoja wa wale watatu wa vumbi, mwenye kidari kizuri. Nimepiga hesabu: katika vifaranga sitini wake nikipata wawili wenye pindo safi nitasujudu. Nitakuwa nimerudi kizazi cha pili, na nguvu za kuanza tena sizo nilizokuwa nazo nilipotoka hotelini.

Na hata huyo sikuweza kumpima vizuri. Nilikaa kwenye kigoda chako, nikajifunga leso machoni, nikampapasa. Haikufaa. Mimi ndiye niliyemlisha, mkono unamtambua na unampendelea. Nikamkabidhi Mama. Akasema, "Huyu mzito, mchinje." Nilicheka peke yangu uani, kisha nikakukumbuka nikaacha kucheka.

Mama ananiuliza kila siku kama nitakosana na kaka yake kwa ajili ya kuku. Kwake ni kuku tu. Wewe unajua jibu lake, kwa sababu ulikaa kwenye kigoda kile vizazi vinne na hakuna aliyekulazimisha.

Ijumaa asubuhi ninaingiza jogoo kwa mitetea. Siwezi kungoja zaidi. Ukisema umemla, nitashukuru Mungu kwa ukweli, nitamwingiza yule wa vumbi, na wewe njoo unywe kahawa kama kawaida. Ukisema yuko hai, nitajie aliye naye, nitakwenda mimi na tenga langu, sitamtaja mtu wala sitaita polisi, na majogoo wote sita nitampa badala yake. Ukinyamaza, kuanzia Ijumaa hiyo mjomba atasimama mlangoni mwangu apige hodi, aulizwe anataka nini, kama mnunuzi yeyote. Mama atalia. Nitamwacha alie.

Sitaki hadithi ya wageni, wala ujumbe kupitia kwa Mama. Nataka neno moja kutoka kinywani mwako: yuko hai, au umemchinja? Nijibu Alhamisi hii, kabla ya adhana ya Magharibi.

Mpwa wako, mtoto wa dada yako,
Waa